Behewa la Mbele, Behewa la Nyuma

Nasambu alipoolewa na Wabwile alijua anaolewa na mtu wa treni. Hakudanganywa na mtu. Siku ya kwanza kumwona, kule Kitale kwenye vibanda vya mafundi, Wabwile alikuwa amechutama akigonga mkebe wa mafuta ya Kimbo, na Nasambu akadhani anatengeneza koroboi, maana mafundi wa mstari ule wote hutengeneza koroboi, karai na vikombe vya kuchotea maji. Alipokaribia akaona ule mkebe una magurudumu.

"Hiyo ni nini sasa?"

"Injini. Usiguse, risasi ya kuungia haijapoa."

"Inaenda?"

Wabwile akainua macho. Watu wote waliopita hapo walimwuliza inauzwa ngapi, au ni ya mtoto gani. Huyu alikuwa wa kwanza kuuliza kama inaenda.

"Ikisukumwa," akajibu. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuongopa, akaongeza, "Na mahali pakiwa na mteremko."

Ndoa yao ilianzia hapo.

Sasa, mwaka wa themanini na nane, walikuwa na mtoto, Edah, ambaye ndio kwanza anaota meno, na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko. Reli ya waya ilitoka chini ya kitanda, ikazunguka jiko, ikapita kando ya kabati la vyombo na kuishia mlangoni. Chini ya kitanda ni Kitale. Penye jiko ni Leseru, pale reli ya Kitale inapoungana na ile kubwa itokayo Nairobi. Kabatini ni Webuye, mlangoni ni Bungoma. Na kati ya kabati na mlango, palipokuwa na ufa katika sakafu, Wabwile alisimamisha kiberiti kilichopakwa rangi ya bluu. Hiyo ni Matulo. Matulo ya kweli haikuwa na la kuonyesha, kibao tu na jukwaa la udongo ambapo treni ya abiria husimama muda wa mtu kupandisha mzigo. Lakini Nasambu alizaliwa huko, kwa hiyo katika sakafu ya Wabwile kilikuwa ndicho kituo pekee chenye rangi.

Nasambu akifagia, huinua reli kipande kwa kipande na kuirudisha mahali pake. Wanawake wa ploti, wapangaji wenzake, walimcheka.

"Mama Edah, leo treni imechelewa?"

"Imechelewa. Kuna ng'ombe njiani," huwajibu, akimwondoa Edah aliyekaa juu ya Leseru.

Kitale yenyewe ilibaki na treni ya mizigo tu. Ile ya abiria ilikuwa imeacha kuja, na Wabwile aliizungumzia kama watu wanavyomzungumzia ndugu aliyevuka kwenda Uganda na hajarudi. Treni ya mahindi ikipiga honi, nyundo yake hubaki hewani. Akikaa kidogo atamwachia kibanda jirani yake Kemboi, fundi wa viatu, na kwenda kusimama uani kwa stesheni akitazama mabehewa yanavyosukumwa na kuunganishwa.

"Wewe Wabwile," Kemboi alimwambia, "ukifa tutakuzika stesheni."

"Si mbaya. Lakini mnizike upande wa abiria, sio wa mizigo."

"Abiria gani bana, na hakuna treni!"

"Hapo ndipo pananiuma. Gunia la mahindi linasafiri limelala. Mama mwenye mimba anasafiri amesimama. Nani alipanga hivyo?"

"Na hiyo treni yako ikirudi, mtu wa Kitale akitaka kwenda Bungoma atazunguka mpaka Leseru, ateremke hadi Turbo, apite Webuye? Si hiyo ni kushika sikio kwa kupitisha mkono nyuma ya kichwa?"

"Sikio si linashikwa?" Wabwile akasema.

Kemboi akarudi kwa soli zake.

Mtu ambaye hakucheka wala kusifu ni mama yake Nasambu, Mama Wepukhulu wa Matulo. Yeye alimwita mkwe wake "yule mtu wa mikebe," na hakupata kumwambia hivyo uso kwa uso, kwa kuwa hawakuwahi kutazamana uso kwa uso. Kwa Wabukusu mwanamume na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja. Si ugomvi, ni heshima. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Wabwile akienda ukweni hukaa nje nyuma ya ghala, na chakula chake hupelekwa huko. Kukiwa na neno la kusemwa, Mama Wepukhulu humwambia Edah.

"Edah, mwambie baba yako karai aliloleta linavuja."

Na nyuma ya ghala husikika sauti, "Edah, mwambie nyanya yako nitaliziba."

Edah, mate yakimtiririka, huendelea kutafuna kidole chake.

Mama Wepukhulu aliuza ndizi na vitunguu. Siku za soko alipanda gari la moshi hapo Matulo, yeye na wanawake wenzake, wakashuka Bungoma na mikungu yao, na jioni wakarudi. Hivyo ndivyo alivyosomesha watoto tangu mumewe alipofariki. Mwanawe mkubwa, Wepukhulu, alikuwa Nairobi na alikwisha kumwambia mara nyingi aache kuhangaika, akae nyumbani, atatumiwa kitu kidogo. Mama Wepukhulu hakutaka kitu kidogo cha mtu. Alitaka kuamka siku ya soko akiwa na mahali pa kwenda.

Kwa hiyo siku Nasambu alipokwenda kumwona baada ya palizi na kumkuta ameketi jikoni mchana mweupe, mikono mitupu, alijua kuna jambo.

"Wanafunga Matulo," mama yake akasema. "Gari la moshi litapita tu. Ati hakuna abiria."

"Nani amesema?"

"Karani wa Bungoma. Baada ya mavuno halisimami tena."

"Si kuna barabara, mama?"

Mama yake alimtazama kama mtu asiyemjua. "Barabara iko wapi, Nasambu? Nibebe mkungu wa ndizi kichwani mpaka lami, kwenye matope, na haya magoti? Nikifika, kondakta anaangalia ndizi zangu kama nimebeba maiti. Hapana. Gari likipita, mimi nimekaa. Nitakuwa nyanya wa kungojea pesa za Wepukhulu." Akaokota kijiti, akakivunja. "Na huyo mtu wako wa mikebe, si anajua treni? Ama anajua tu zile za Kimbo?"

Maneno hayo Nasambu hakuyafikisha Kitale yote. Alifikisha ya kituo, akaacha ya Kimbo. Hata hivyo Wabwile alikaa akikitazama kile kiberiti cha bluu sakafuni.

"Haiwezekani," akasema mwishowe. "Matulo haiwezi kuondolewa."

Tangu siku hiyo alikuwa safarini kila mara, Kitale hadi Bungoma, Bungoma hadi Kitale, koroboi za wateja zikilala bila utambi. Alizungumza na wazee wa kanisa wa Matulo, akazungumza na walimu, akamchosha stesheni masta wa Bungoma mpaka akawa akimwona kwa mbali anajifanya kuhesabu tikiti. Mwishowe, ili apumzike, stesheni masta akamwambia kwamba afisa wa reli, Bwana Kipruto, angepita kukagua njia mwezi ule, na angekubali kusikiliza watu alasiri moja.

"Wapi?" Wabwile akauliza.

"Popote. Hapo nje kwa jukwaa."

"Hapana, hapana. Tupatie chumba cha kungojea. Sakafu yake ni ya simiti na imenyooka."

Alitaka kutandaza reli yake. Afisa aione njia yote kwa macho, aone jinsi Matulo ilivyo mahali pa tambarare ambapo treni inaweza kusimama na kuondoka bila kuhangaika. Alijenga injini mpya, akaipaka rangi ya damu ya mzee, na mabehewa matatu ya mikebe ya samaki yenye madirisha yaliyokatwa kwa patasi. Jioni alifanya mazoezi ya hotuba kibandani, Kemboi akiwa afisa.

"Bwana afisa," Wabwile alianza, "treni ni kitu cha watu."

"Sina muda," Kemboi akasema, akikunja mikono. "Nina njaa. Toka."

"Kemboi, afisa hawezi kusema hivyo."

"Unamjua? Mimi nakuzoesha."

Nasambu, akimnyonyesha Edah pembeni, alisikiliza mazoezi hayo siku baada ya siku. Hotuba ilikuwa na injini, miteremko, breki na daraja la mto Nzoia. Ilikuwa nzuri. Kuna kitu kilimsumbua ndani yake, kama punje ya mchanga kwenye wali, lakini hakujua ni nini, na yeye hakuwa mtu wa kusema jambo kabla hajalijua.

Alilijua siku yenyewe, na kumbe yalikuwa mambo mawili.

La kwanza alilijua walipofika stesheni ya Bungoma. Mawingu yalikuwa yameshuka chini. Wanaume wa Matulo walikuwa wamekwisha kuingia chumba cha kungojea na kujaza mabenchi. Wabwile alikuwa sakafuni akiunganisha reli. Ng'ambo ya uwanja, chini ya upenu wa ghala la mizigo, walisimama wanawake wa ndizi, leso zao kichwani, na mbele yao Mama Wepukhulu, mgongo ameugeuzia mlango.

Nasambu akawaendea. "Mama, mbona hamwingii?"

"Niingie wapi? Si mkwe yuko ndani?"

"Na ninyi wengine?"

"Sisi tunaingia na yeye," akajibu Agneta, aliyebeba mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. "Yeye ndiye mdomo wetu."

Nasambu akageuka akakitazama kile chumba. Mlango mmoja. Wabwile, Mbukusu aliyezaliwa na kukulia ndani ya mila hiyo hiyo, alikuwa amepanga reli na sakafu na afisa, na akasahau kwamba chumba chochote atakachoingia yeye, mama mkwe hawezi kuingia. Angeuacha mkutano uwe jukwaani, mama angekaa huku na yeye kule, wamepeana mgongo, na mambo yangekwenda.

"Ongeeni kutoka hapa nje basi," Nasambu akasema. "Kwa sauti."

Kabla hajamaliza, mvua ikaanguka. Ilianguka juu ya mabati ya ghala na ya stesheni kwa kishindo, hata Edah, aliyebebwa kiunoni, akafunga masikio kwa viganja.

Nasambu alikimbia akarudi, akasimama mlangoni, jicho moja ndani, jicho moja nje. Bwana Kipruto alikuwa ameshaketi. Alikuwa mtu mzima mwenye koti la mvua na uso wa mtu aliyelala vibaya, lakini alipoiona treni sakafuni alisahau kukaa kwa heshima, akainamia magoti yake.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Mimi, bwana afisa."

"Na breki?"

"Breki ni kidole."

Watu wakacheka, na Kipruto akacheka pia. Wabwile akaanza. Injini ya damu ya mzee ilitoka Webuye na mabehewa yake, ikaingia kwenye kona bila kuyumba, ikasimama kando ya kiberiti cha bluu. Alisema kwa sauti ya juu kushinda mvua, na alisema vizuri kuliko siku zote za mazoezi. Nasambu alimwonea fahari.

Kipruto alimwacha aseme. Kisha akainua mkono, bila ukali.

"Fundi, ngoja. Ya njia nayajua, ni kazi yangu. Mimi nataka kitu kimoja. Nani anapanda pale?" Akawatazama waliokaa kwenye mabenchi. "Ninyi watu wa Matulo. Nani kati yenu amepanda treni mwezi huu?"

Wanaume wakatazamana. Walimu wawili wakatazama viatu vyao. Karibu wote walikuwa na baiskeli, na baiskeli zenyewe zilikuwa zimeegemezwa hapo ukutani.

"Mimi nilipanda," akasema mzee mmoja. "Krismasi."

Kipruto akashusha pumzi. Akaichukua injini, akaigeuza mkononi kwa upole, akairudisha kwenye reli.

"Treni yako ni nzuri, fundi. Lakini haina mtu ndani."

Hapo Nasambu akaijua ile punje ya mchanga. Hotuba yote ile, kutoka injini hadi daraja, haikuwa na mtu hata mmoja. Mumewe aliipenda treni kama mtu anavyompenda ng'ombe, akamjua pembe na kwato, akasahau kuuliza nani anakunywa maziwa.

Wabwile akageuka. Akatazama dirishani. Katikati ya mvua walionekana wale wanawake chini ya upenu, wamebanana, na mgongo mmoja mpana ulioelekea stesheni. Kisha akamtazama mke wake. Nasambu alisogea kando ya mlango, ukabaki wazi.

Alimwona anavyoelewa. Alimwona pia anavyoumia, kwa kuwa hotuba ilikuwa haijafika hata nusu, na alikuwa ameilea kwa majuma yote yale.

"Bwana afisa," Wabwile akasema, "anayeweza kukujibu yuko nje. Lakini hawezi kuingia nikiwa hapa."

"Mmekosana?"

"Hapana. Ni mama mkwe."

Mabenchi yalipasuka kwa kicheko. Kipruto hakucheka. "Basi?"

"Basi mimi nitoke."

Lakini kutoka kwa mlango kungemkutanisha naye uwanjani. Kwa hiyo Wabwile, mrefu vile, alipanda juu ya benchi la walimu, akatoa mguu mmoja nje ya dirisha la nyuma, akanaswa na koti, akasukumwa na wanaume wawili wema, akaangukia upande wa reli ndani ya mvua. Reli yake ya waya ikabaki sakafuni.

Nasambu akavuka uwanja mbio. "Mama, njoo. Ametoka."

"Ametoka wapi?"

"Dirishani."

"Dirishani!" Mama Wepukhulu akarudia. Alilitafakari neno hilo kidogo. "Na huyo afisa amesemaje?"

"Amesema treni haina mtu ndani."

Waliingia wote, na chumba kikajaa harufu ya leso zilizoloa na vitunguu. Wanaume waliinuka kwenye mabenchi bila kuambiwa. Mama Wepukhulu hakuketi. Alisimama akitazama sakafu, kuanzia ile kona ya mbali mpaka miguuni pake.

"Hii ndiyo mikebe yenyewe," akasema polepole. "Na hiki cha bluu?"

"Ni Matulo, mama," Nasambu akamjibu.

Mama yake alikitazama kile kiberiti kwa muda. Halafu akapiga magoti kwa shida, akifungua fundo la leso yake. Mlikuwa na maharagwe, mbegu alizokuwa akimpelekea mtu sokoni. Akachukua moja, akamtazama Kipruto.

"Umesema haina mtu. Huyu ni mimi." Akaitia kwenye behewa. "Huyu ni Agneta. Anapeleka mapacha kliniki. Mapacha wako wapi? Haya, wawili, wanakaa kwa mama yao. Huyu ni Nekesa, ana mguu mbaya, hawezi kutembea hadi lami. Huyu ni mke wa mwalimu." Akageukia walimu. "Mwalimu, ulidhani sukari unayokunywa inakuja kwa baiskeli?"

"Tia na mimi, Mama Wepukhulu!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nakutia, usinisukume. Huyu ni yule mzee kipofu anayekwenda kwa binti yake Malaba. Hawa ni kwaya. Kwaya ni wengi, nawatia kwa konzi."

Maharagwe yakajaa behewa la kwanza, la pili na la tatu, yakaanza kudondoka kwenye simiti. Edah akateremka kwa mama yake akayafuata kwa kutambaa.

"Karani wenu anahesabu tikiti," Mama Wepukhulu akaendelea. "Sisi Matulo hatuna dirisha la tikiti. Tunalipa tukishuka hapa, na siku ya soko tunashuka wote mara moja kama siafu. Nani atatuhesabu?"

Kipruto akamtazama stesheni masta. Stesheni masta akatazama mvua.

"Mama," Kipruto akasema, "lakini gari za matatu siku hizi ziko nyingi."

"Ziko nyingi. Sasa nikuulize, mtoto wangu. Umeoa?"

"Nimeoa, kule Kapsokwony."

"Basi panda matatu na mama mkwe wako. Atakaa wapi? Kondakta anasema songa, mama, songa, na gari likiingia shimo moja mimi niko kwa mapaja ya mkwe wangu! Nitamtazama nani tena baada ya hapo? Gari la moshi lina mabehewa. Mkwe anapanda la mbele, mimi napanda la nyuma, na kila mtu anafika Bungoma na heshima yake."

Sasa kicheko kilikuwa kikubwa kuliko mvua. Kipruto alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho.

"Mama, unisamehe. Mama mkwe wangu wa Kapsokwony nilimkuta juzi kwenye njia ya mteremko, mimi na pikipiki, na upande mmoja ni bonde. Ilibidi niingie kwenye migomba pamoja na hiyo pikipiki. Nakuelewa kuliko unavyodhani."

Alipotulia alizungumza kama afisa tena. Hakuahidi makubwa. Siku nyingine zote treni ingepita. Siku za soko ingesimama, lakini kwa bendera: dereva akiiona bendera imeinuliwa pale jukwaani, anasimama. Asipoiona, hapunguzi mwendo. "Na bendera ni yenu. Siku za soko zikipita bila bendera kuinuliwa, kituo kimekufa, na hapo hata mimi msinitafute."

"Itainuliwa," akasema Mama Wepukhulu, akijikusanya kuinuka.

Nasambu alimkuta Wabwile nyuma ya stesheni, amesimama chini ya upenu mwembamba usiomtosha, maji yakimchuruzika puani.

"Nimesikia wakicheka tu," akasema. "Mabati yamemeza mengine yote. Walikuwa wananicheka?"

"Kidogo. Hapo kwa dirisha."

"Na Matulo?"

Akamweleza. Alimweleza bendera, maharagwe, na karani asiyeweza kuhesabu siafu. Wabwile alisikiliza ameinamisha kichwa. Nasambu alipofika kwenye mapaja ya mkwe, Wabwile alijifunika uso kwa mikono miwili na mabega yakamtetemeka, na Nasambu hakuwa na hakika mwanzoni kama ni kicheko au ni baridi.

"Sikufika hata kwenye daraja la Nzoia," akasema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Na mabehewa, yalibeba maharagwe? Hayakupinduka?"

"Yalibeba."

Wabwile akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso.

Baada ya mavuno, jioni ya kuamkia siku ya soko, walisafiri kutoka Kitale wakalala Webuye kwa shangazi yake Wabwile. Asubuhi walipanda treni ya abiria, behewa la mbele, kama ilivyopasa. Wabwile hakuketi. Alikuwa ametengeneza bendera ya bati, nyekundu, yenye mpini mrefu, na Jumapili iliyopita aliipeleka Matulo akaiegemeza kwenye kibao cha kituo, kisha akaondoka. Hangeweza kumkabidhi mtu aliyetengenezewa.

"Kama hakuiona?" akauliza.

"Ameiona."

"Kama dereva hajaambiwa?"

"Wabwile, kaa chini. Unamtisha mtoto."

Hakukaa. Treni ilikuwa imeshika mwendo, mahindi makavu yakikimbia nyuma pande zote mbili. Nasambu naye alisimama, akatoa kichwa dirishani na Edah kiunoni. Alikijua kila kichaka. Ule mti uliopigwa na radi, kisha kisima, kisha kona. Baada ya kona treni haikupungua. Akahisi mkono wa mumewe ukishika ukingo wa dirisha kando ya wake.

Halafu akaiona. Ilikuwa juu kabisa, nyekundu, ikimetameta kwenye jua kwa sababu ni bati wala haikunjiki kwa upepo, na chini yake wanawake na mikungu, na mama yake mbele, mkono umenyooshwa kama mtu anayemsimamisha fahali. Honi ililia. Breki zikauma chuma, abiria wakayumba, vikombe vya mtu vikaanguka, na treni ikasimama Matulo.

Wabwile alirudi ndani haraka, akageuza uso upande mwingine wa behewa, kwa kuwa mama mkwe alikuwa anapita chini ya dirisha. Nasambu aliona shingo yake. Ilikuwa imetota jasho, na ilikuwa ikitabasamu, kama shingo inaweza kutabasamu.

Mama Wepukhulu alipita bila kutazama juu, bendera begani kama jembe, akaelekea behewa la nyuma. Huko kulikuwa na makelele ya kupandisha mikungu, na ya Agneta na mapacha wake. Kisha akasimama. Alirudi hatua kadhaa, mpaka chini ya dirisha la Nasambu, akamtazama mtoto.

"Edah," akasema, kwa sauti ambayo ingefika Malaba, "mwambie baba yako bendera ni nzuri. Inaonekana."

Edah akacheka, akaonyesha meno yake mawili.

"Na umwambie ngazi ya hii gari iko juu sana. Mtu mwenye magoti anapanda aje? Awaambie hao watu wake wa reli. Na akienda kuwaambia, asisimame mbele ya mlango."

Akajifunga leso vizuri, akaenda zake nyuma.

Ndani ya behewa, akiwa bado ameupa mgongo ule upande, Wabwile alikuwa amekwisha kutoa penseli ya fundi nyuma ya sikio na anapima ngazi ya mlango wa upande wa pili kwa macho.